Feroshipu ya Figo

Mamangu ndiye aliyetangaza. Nilikuwa nimempigia simu Jumamosi kumwambia kwamba nimepata feloshipu India, ya miaka miwili. Jumapili akasimama katikati ya kanisa letu kule Kanja, akarekebisha leso kichwani, akasema, "Bwana asifiwe! Msichana wangu amepata feroshipu. Huko India. Miaka miwiri!" Kanisa zima likapiga makofi. Kwetu Embu herufi ya l hutusumbua, tunaigeuza r bila kujua, na mimi mwenyewe nikikasirika hunitoka vivyo hivyo.

Lakini shida haikuwa matamshi. Kwetu feloshipu si masomo. Feloshipu ni ile ya katikati ya wiki: mnakutana nyumbani kwa mmoja wenu, mnaimba, kila mtu anasimama kutoa ushuhuda, mwenye shida anawekelewa mikono, kisha chai ya maziwa na nduma. Kwa hivyo Kanja yote ilielewa kwamba mimi, daktari wa upasuaji, nimeacha kisu naenda kuomba na Wahindi. Wacha we! Nilipofika kuaga, akina mama walinisubiri na sweta waliyonifumia, wakaniambia niwapelekee watu wa huko habari njema. Sweta ya sufu nzito, India ya kusini, ambako hata nzi hutoa jasho.

Nilijaribu kueleza. Mimi si mtu wa subira, lakini siku hiyo nilijaribu kweli. Nilimwambia mama naenda kujifunza kupandikiza figo: kuitoa kwa mtu mzima mwenye mbili na kumpa yule ambaye zake zimekufa. Mama ana miovakado nyuma ya jikoni, ya kupandikizwa, aliyoinunua ikiwa miche kule Manyatta.

"Kama ovakado?" akauliza.

"Kama ovakado."

"Na inashika?"

"Mara nyingi inashika, mama."

Akafikiri kidogo. "Basi bado ni ya Mungu," akasema. "Ni feroshipu tu."

Nikakata tamaa, nikaenda.

Siku ya kwanza huko, profesa wetu, mzee mfupi aliyekunywa chai ikiwa imepoa, alituketisha mafelo wote, yaani sisi madaktari wa feloshipu, kwenye chumba kidogo kisicho na dirisha, akataka kila mmoja asimame aseme mambo mawili: alifundishwa wapi kukata, na amefanya utafiti gani. Hayo tu. Majina angeyajua baadaye.

Wa kwanza alitoka Dhaka. Alikuwa amewabadilisha panya figo chini ya darubini kwa miaka mingi, na mikono yake ilitulia kiasi kwamba ungedhani ameiacha mezani na kuondoka. Wa pili alikuwa Mwiraki. Alisema alijifunza kazi kwenye vita, na utafiti hana, ila kama watu waliopigwa mabomu ni utafiti basi anao mwingi. Hatukujua kama tucheke. Wa tatu alikuwa dada mmoja wa Nepali, mwembamba, msemaji, na utafiti wake ulikuwa wa damu. Alikuwa amefuatilia wagonjwa wanaoongezewa damu wakati wanangoja figo, akaona kwamba damu hiyo huwaharibia mambo baadaye. Alieleza kwa michoro na rangi. Mimi nilikuwa nimetoka kwenye ndege, sikulala, nikasinzia.

Kisha zamu yangu. Nilisema nilisomea udaktari Kenya, nikapelekwa hospitali moja ya Meru, na huko nikashona kila kitu: majeraha ya panga, matumbo yaliyojisokota, wachuma miraa walioanguka kutoka juu ya miti wakavunjika mbavu. Baadaye nikasomea upasuaji. Na utafiti wangu, nikasema, ni kuhusu watu walioahidi kutoa figo kisha wakabadili nia. Nilikuwa nimekaa kwenye vibaraza vya watu, Meru na Embu, nikiuliza swali moja: ulikubali kumpa ndugu yako, mbona ukaacha? Mmoja aliniambia mke wake alimwuliza ni nani atakayepiga jembe. Mwingine alisema mama mkwe ameota ndoto. Mama mmoja hakuzunguka, alisema, "Niliogopa, binti yangu. Niliogopa tu."

Profesa akaweka kikombe chini. "Hiyo ni sosholojia," akasema. "Si upasuaji."

Moto ukanipanda. Nikamjibu, "Profesa, hawa hapa wanatoa figo kwa panya. Kwetu figo hutoka kwa mtu mwenye mama mkwe."

Walicheka, hata yeye. Tangu siku hiyo aliniita Mama Mkwe, na kwa miezi mingi kazi yangu ikawa kushika tumbo la mgonjwa likiwa wazi huku wengine wakishona. Nilinuna lakini nilitazama. Baadaye nikapewa mshipa mmoja nishone, kisha wa pili. Uzi wenyewe ulikuwa mwembamba kuliko unywele, ukipumua vibaya unaupoteza. Halafu ikaja siku niliyoifanya yote mwenyewe, profesa akiwa amesimama nyuma yangu na mikono mfukoni. Nilifungua kibanio, damu ikaingia, na ile figo iliyokuwa ya kijivu na baridi ikageuka waridi mbele ya macho yangu. Tukasubiri. Kisha ikakojoa. Haki ya Mungu, ilikojoa pale pale juu ya nguo za kijani! Sijawahi kufurahia mkojo kama siku ile. Nililia ndani ya barakoa, na nilipomaliza nikampigia simu kakangu.

Kakangu ndiye wa kwanza kwetu. Ni mwalimu wa shule ya msingi. Alioa Mmeru, akahamia kwa kina wifi yangu huko Kiirua, na akitoka darasani hulima viazi. Ameniita Daktari tangu nilipokuwa mdogo, nilipompasua kuku wa Krismasi mezani nikitafuta moyo wake. Simu yake ilikuwa kila wiki. Tulikuwa tukiongea upuzi: bei ya viazi, baridi ya Kiirua, wanafunzi wake wanaoandika insha kuhusu ndege zilizowabeba hali hawajawahi kuiona ndege ikitua. Siku hiyo ya mkojo alicheka mpaka akakohoa.

Nyuma yake nilisikia mlio. Mlio mdogo, wa kurudiarudia, ninaoujua.

"Hiyo ni nini inalia?"

"Ah, hiyo? Wifi yako amenunua maikrowevu."

Nikampongeza wifi. Nikasema hata nyinyi wa Kiirua mmeendelea.

Ilikuwa mashine ya kusafisha damu. Alikuwa amelazwa kando yake, hospitalini Meru mjini, na sindano mwilini, akinichekesha. Figo zake zilikuwa zimekufa katika mwaka wangu wa kwanza wa feloshipu. Shinikizo la damu lilizila kimyakimya, naye alidhani ni uchovu wa chaki. Watu wote walijua. Mama alijua, wifi alijua, dada yetu mdogo anayeuza nguo Manyatta alijua, kanisa la Kanja lilijua na la Kiirua pia. Mimi tu, niliyekuwa nikila na kulala katikati ya wataalamu wa figo, ndiye nisiyejua.

Kwetu hiyo ni sheria. Mtoto akiwa masomoni hasumbuliwi. Nyanya yangu alipofariki nilikuwa kwenye mtihani wa kidato cha nne. Nilifika nyumbani nikakuta majani yameshaota juu ya kaburi, na hakuna aliyeona ajabu. Waliniandalia mukimo. Walisema, "Si umemaliza mtihani vizuri?"

Basi niliporudi, nilienda Kiirua moja kwa moja na mifuko yangu ya peremende. Nilimwona mlangoni. Niliona bomba shingoni mwake kabla ya kuona uso. Ngozi ilikuwa imeingia giza, miguu imevimba, na bado alikuwa na lile tabasamu lake la kijinga.

"Karibu, Daktari," akasema. "Maikrowevu imeharibika."

Nilikaa chini kwenye majani.

Nikaelezwa yote jioni hiyo. Dada yetu alikuwa amejitolea kutoka mwanzo. Alipimwa, damu ikawa ya kundi moja, na madaktari wakasema waende Nairobi upesi. Dada alikuwa tayari na begi. Ndipo wakakaa kikao cha familia, na mama akauliza swali ambalo kila mtu aliliona la busara: "Kwa nini tumpereke kwa wageni, na wa kwetu yuko feroshipu anasomea hiyo hiyo?" Wakakubaliana wote. Wangoje. Daktari wao anarudi, atamtoa mmoja figo na kumpa mwingine, hapa hapa Meru, damu ya nyumbani na mkono wa nyumbani. Walingoja kwa upendo. Hilo ndilo linaloniua.

Nilipiga kelele mpaka ng'ombe wakashtuka. "Mngeniretea!" Nikarekebisha: "Mngeniletea! Kule kule! Nimetibu Wakenya kule, wanakuja na ndugu zao, ninawatafutia mahali pa kulala! Mngenipigia simu moja!"

"Ungeacha masomo," mama akasema.

"Ningemtibu!"

"Sasa si umekuja," akasema. "Mfanyie."

Ilibidi niwaeleze mambo mawili, na bado sijui lipi liliwaumiza zaidi. La kwanza, daktari hamkati ndugu yake. Mkono unaotetemeka haushoni mshipa. La pili, Meru nilikokuwa narudi kazini hakuna mahali pa kupandikizia figo. Huwezi kufanya peke yako. Unahitaji timu ya watu kama ile ya mafelo, na maabara, na dawa za kila siku za kuuzuia mwili usiikatae figo ya mwenzake, na kitanda ambacho mtu mwingine hajakishika. Nilikuwa nimeandika maombi nikiwa bado India, nikaambiwa kuna kamati inakaa. Kazi iliyokuwa ikiningoja ni kushona ngiri na kuondoa vidole tumbo.

Mama akauliza. Hakuwa na ubaya, alitaka kujua tu. "Kwani urienda kufanya nini?"

Nikachukua simu, nikapiga Nairobi.

Nilimpeleka kakangu na dada Nairobi mwenyewe. Huko huchukua damu ya mtoaji na damu ya mpokeaji na kuzikutanisha, waone kama zitapigana. Dada alikuja amevaa kama mtu anayeenda harusi. Alikuwa ameshaaga wateja wake Manyatta. Aliniambia kwa siri kwamba figo anayotoa ni ya kushoto kwa sababu upande huo ndio hulalia, kwa hivyo imepumzika zaidi. Nilicheka nikamkumbatia.

Zilipigana. Zilipigana vibaya.

Niliyaona majibu, nikajua kabla ya daktari wa pale kufungua mdomo. Mtu ambaye figo zake zimekufa hupungukiwa damu, na ile sindano ya kuinua damu mara ipo mara haipo, hivyo alipoishiwa nguvu aliongezewa damu, tena na tena, wakati wa kule kungoja. Kila pakiti ilikuwa ya mtu mgeni, na kila mgeni aliufundisha mwili wake kupigana. Mwishowe mwili ulikuwa umefundishwa vya kutosha kumkataa hata dada aliyenyonya titi lile lile.

Na damu ilitoka wapi? Ilitoka kwa feroshipu. Walipoambiwa mwalimu anahitaji damu, feroshipu ya Kiirua ilijaa kwenye pikapu ya viazi ikashuka Meru kuchangia. Walimu wenzake walikuja. Wifi alileta ndugu zake. Hata Mwislamu mmoja muuza nyama wa mjini, anayenunua viazi kwake, alifunga duka akaja, akasema mwalimu ni mtu wake. Walikunja mikono ya mashati wakiimba. Sijui kama ni damu yao hasa aliyowekewa, maana hospitali huchanganya, lakini ni wao walioijaza ile friji, na kila mara ilipopungua walirudi.

Nilimpigia simu yule dada wa Nepali. Aliniuliza maswali machache, ya haraka, kama anavyouliza siku zote. Nilipomwambia ni pakiti nyingi akanyamaza. Yeye ambaye hatukuwahi kumnyamazisha darasani, ambaye nilisinzia mbele ya michoro yake! Kisha akauliza kuhusu moyo. Nikamwambia moyo umepanuka, umechoka, hautastahimili zile dawa kali za kuusafisha mwili kabla ya kujaribu tena. "Pole, Mama Mkwe," akasema.

Utafiti wangu wote ulikuwa wa watu wanaosema ndiyo kisha wakasema hapana. Ningeweza kukuhubiria juu yao kutwa. Dada yangu hakusema hapana. Hakuna aliyeogopa, hakuna mama mkwe aliyeota. Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu ya kuuliza uliza nilipata familia ambayo kila mtu alikuwa tayari kutoa, na walitoa mno.

Nilimwambia kakangu peke yake, kwenye shamba la viazi. Viazi alivyopanda haruhusiwi kuvila, vina chumvi ambayo figo iliyokufa haiwezi kuitoa, na moyo ungesimama. Alikuwa amekalia gunia. Nilimweleza habari ya damu, na jinsi mwili ulivyojifunza. Mwalimu huyo, alielewa upesi kuliko madaktari wanafunzi ninaowafundisha hospitalini.

"Usiwaambie," akasema.

"Siwaambii."

"Hata mama."

"Hata mama."

Akachukua kiazi, akakipangusa udongo kwa kidole gumba. "Sasa nionyeshe," akasema. "Hii kitu ulienda kusoma. Ungeniwekea wapi? Huku mgongoni?"

Nikamwambia hapana, watu wote hudhani mgongoni. Za zamani hatuzigusi, tunaziacha zilale. Mpya huwekwa mbele, chini upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga. Nikamwonyesha kwa kidole juu ya sweta. Ilikuwa ile sweta ya Kanja, nilikuwa nimempa, kwa sababu Kiirua kuna upepo wa mlima na India sikuivaa hata siku moja.

"Kumbe ni hapa karibu hivi," akasema. "Ningeishika kila jioni kuona kama iko."

"Wote huishika," nikamwambia. Ni kweli. Wagonjwa wangu wote India walikuwa wakitembea na mkono pale, kama mama mjamzito.

Sasa miezi imepita. Mashine anaendelea nayo, lakini mishipa ya kumwingizia mabomba inaisha. Wamehama shingo, wamehama kifua, sasa wako kwenye paja. Ninajua kinachofuata paja. Kamati bado inakaa.

Alhamisi iliyopita feroshipu ilikuwa nyumbani kwake. Mama alikuja kutoka Kanja na kikapu cha nduma. Muuza nyama naye alikuja, akakaa nje kibarazani na chai yake kwa heshima, akingoja tumalize. Waliimba vizuri, watu wa Kiirua wanajua kuimba. Kisha kila mtu akasimama kwa zamu kujitambulisha, ameokoka wapi na Bwana amemtendea nini, na nikakumbuka kile chumba kisicho na dirisha, panya na mabomu na michoro ya rangi. Ilipofika zamu yangu nilitaka kukaa kimya. Mama hakuniruhusu.

"Huyu," akasema kwa fahari, "amekuwa feroshipu miaka miwiri. Yeye ndiye atamwekerea ndugu yake mikono."

Watu wakasema amina. Walinitazama kwa upendo, wote, watu waliokunja mikono ya mashati. Nilimtazama kakangu anitetee, maana yeye anajua feloshipu ni nini. Alikuwa kwenye kiti, amefunikwa blanketi, anatabasamu.

"Njoo, Daktari," akasema. "Si ndiyo ulisomea?"

Nikapiga magoti mbele yake. Nikanyoosha mkono kichwani kwake, kama nilivyoona wengine wakifanya, lakini akaukamata. Mkono wake ulikuwa baridi. Akaufungua wangu, kidole kwa kidole, akaushusha polepole juu ya ile sweta mpaka chini upande wa kulia, karibu na mfupa wa nyonga.

"Hapa," akasema. "Weka hapa."

Wakaanza kuomba wote kwa pamoja, kwa sauti, mama akiwa mbele. Nikaweka. Chini ya mkono hapakuwa na kitu.